Amri Kutoka Juu: Funzo la Ardhi ya Uwindaji ya Galana

(Maandishi ya mazungumzo ya wakili mmoja mbele ya mkutano wa elimu ya uraia, Malindi)



Tumeombwa tuzungumze juu ya ardhi ya kukodi, na hasa juu ya swali ambalo huulizwa karibu katika kila kikao cha namna hii: mtu aliyeruhusiwa kuitumia ardhi isiyo na hati yake, akaitumia miaka na miaka, ana haki gani siku anapoambiwa asiikanyage tena? Tungaliweza kulijibu kwa kuwasomea vifungu vya sheria hadi jua litue. Tumeona afadhali tulijibu kwa mfano wa ardhi moja mnayoijua, nayo ni ile nyika iliyo kaskazini ya mto Galana, kati ya mpaka wa mbuga ya Tsavo Mashariki na vijiji vya Kilifi na Tana River.

Katika umri wa mtu mmoja, ardhi hiyo imepita mikononi mwa wawindaji wa aina tatu: wawindaji wa asili, wawindaji wa mpango wa Serikali, na wawindaji wa kampuni iliyoikodi. Wote watatu wameipoteza. Hakuna kati yao aliyeipoteza kwa kushindwa mahakamani, wala kwa kura ya Bunge iliyotaja jina lake. Kila mmoja aliondolewa kwa ile tuliyozoea katika nchi hii kuiita "amri kutoka juu".

Waliokuwako kwanza

Wa kwanza walikuwa Waata, ambao majirani wengine huwaita Waliangulu au Wasanye. Hawa walikuwa wawindaji wa ndovu. Upinde wao ulikuwa miongoni mwa pinde ngumu kuvutwa kuliko zote zilizojulikana katika Afrika, na mshale wao ulipakwa sumu iliyochemshwa kutokana na mti. Mshale ulikuwa na alama ya mwenyewe, ili mnyama akianguka mbali, ijulikane ni nani aliyemtia jeraha. Tunaitaja alama hiyo kwa makusudi. Watu wanaotia alama katika mishale yao ni watu wenye sheria: wanajua kipi ni cha nani, na wanajua namna ya kukata shauri. Mtu asitwambie kwamba nyika ile ilikuwa haina mwenyewe wala utaratibu kabla ya karani wa kwanza kufika na wino wake.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilitangaza mbuga ya Tsavo. Pande zake mbili, Mashariki na Magharibi, zina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Ardhi aliyowinda Mwata jana ikawa leo ni hifadhi, na yeye mwenyewe akawa jangili. Sheria ya wakati huo haikupiga marufuku uwindaji wa ndovu kwa wote. Ilitaka leseni, na leseni ilikuwa ya mwenye bunduki na fedha. Bwana aliyetoka ng'ambo akimwua ndovu nje ya mbuga kwa leseni aliitwa mwanamichezo. Mwata akimwua ndovu huyo huyo kwa mshale aliitwa mhalifu. Katika miaka ya 1956 na 1957 ilifanywa kampeni kali ya kuwasaka wawindaji wa pinde katika Tsavo na kandokando yake, na Waata wengi wakaishia gerezani.

Mpango wa 1960

Baadhi ya maofisa wa wanyama wa wakati ule waliona kwamba hapo pana dhuluma. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa kusimamia wanyama katika eneo la Galana, mashariki ya mbuga, ili Waata wawinde kwa halali na kwa kipimo, na nyama na pembe ziuzwe. Wazo hilo lilikuwa jema kuliko jela. Lakini hebu tutazame umbo lake kwa jicho la sheria. Wanyama walikuwa wa Serikali. Ardhi ilikuwa ya Serikali. Msimamizi alikuwa mtumishi wa Serikali. Mwata aliingia humo kama mwajiriwa katika ardhi ya babu yake, na mwajiriwa hana la kurithisha. Mpango ulipokufa kabla ya miaka ya 1960 kwisha, haki yake ya kuwinda ilikufa pamoja nao, kwa sababu haikuwa imeandikwa popote kwamba ni yake.

Kampuni na mkataba wake

Baada ya hapo Serikali iliikodisha ardhi hiyo kwa kampuni binafsi, yenye wanahisa ambao miongoni mwao walikuwa raia wa Marekani. Eneo lilikuwa la zaidi ya ekari milioni moja. Kampuni ilifuga ng'ombe, ikajaribu kuwafuga choroa, pofu na nyati kwa utafiti, na ikapata sehemu ya mapato yake kutokana na wageni waliokuja kuwinda kwa malipo. Hii ndiyo iliyokuwa ardhi binafsi ya kukodi kwa uwindaji, kwa maana kamili ya maneno hayo.

Nje ya ranchi kama hiyo, nchi ilikuwa imegawanywa katika vitalu vya uwindaji vyenye nambari. Mwindaji wa kulipwa alikihifadhi kitalu kwa muda fulani, akalipa ada, na sehemu ya ada hizo ikaingia katika mifuko ya mabaraza ya wilaya. Wawindaji hao walikuwa na chama chao, kilichoundwa Nairobi mwaka 1934. Walikuwa na leseni, stakabadhi na wanasheria. Kama kuna watu katika Kenya waliodhani kwamba wamekingwa na karatasi, ni hawa.

Tena sera ya Serikali yenyewe ilikuwa upande wao. Waraka Rasmi nambari 3 wa 1975 ulisema kwamba wanyama wa porini nje ya mbuga wawe na faida kwa mwenye ardhi wanayoilisha, na uwindaji ulihesabiwa kuwa mojawapo ya njia za kupata faida hiyo. Mwaka 1976 Bunge likapitisha sheria mpya ya wanyama. Mtu mwenye akili timamu, akiisoma sera hiyo na sheria hiyo, angeweza kutia fedha zake na kupanga safari za miaka mitano ijayo.

Mei 1977

Mwezi Mei 1977, chini ya sheria hiyo hiyo ya mwaka mmoja uliotangulia, ilitoka notisi ya kupiga marufuku uwindaji wote wa michezo katika Kenya. Safari zilizokwisha kupangwa zilifutwa. Vitalu vyote vilifungwa. Chama cha wawindaji, kilichokuwa na umri wa zaidi ya miaka 40, kilivunjwa mwaka huo huo. Mabaraza ya wilaya yalipoteza ada zake. Ranchi ya Galana ilibaki na ng'ombe wake, na ile haki ya kuwinda iliyoifanya ardhi kame kuwa na thamani ikatoweka kwa ukurasa mmoja.

Hapa hatuna budi kuwa waadilifu. Hatukuja kuitetea bunduki. Miaka ile ya 1970 ndovu walikuwa wakichinjwa ovyo, na biashara ya pembe ilikuwa imeota mizizi hadi katika ofisi za wakubwa. Serikali yoyote yenye haya ingalitakiwa kufanya jambo. Na wapo wataalamu, waliosoma na wenye nia njema, wanaoamini hadi leo kwamba marufuku ile ilikuwa sahihi. Tunaheshimu rai yao. Hesabu ya 2021 ilipata ndovu 36,280 katika nchi yetu, na hilo ni jambo la kujivunia.

Lakini na tuihesabu hesabu yote. Ndovu wa Kenya walikadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973. Kufikia 1989, yaani miaka 12 baada ya marufuku, hawakuzidi 20,000. Kumwondoa mwenye leseni hakukumwondoa jangili. Kulimwachia uwanja, kwa sababu wale waliokuwa porini kila siku, wenye sababu ya kupiga ripoti, hawakuwako tena. Kilichowaokoa ndovu ni hatua nyingine zilizokuja baadaye: kuundwa kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori mwaka 1989, na marufuku ya kimataifa juu ya biashara ya pembe iliyokubaliwa mwaka huo huo. Ama wanyama wengine wakubwa, utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu 1977. Sababu ni nyingi: watu kuongezeka, ng'ombe kuongezeka, nyua, ukame na ujangili. Hata hivyo mojawapo ni hii, kwamba mwenye ardhi aliambiwa amlishe mnyama ambaye hana faida naye, na ambaye akimla mazao hulipwa kwa shida au asilipwe kabisa.

Neno letu basi halihusu kama marufuku ilikuwa njema au mbaya. Linahusu namna ilivyokuja. Mwaka 1977 tulikuwa na chama kimoja kwa hakika, ijapokuwa hakikuwa bado kimeandikwa katika sheria. Hilo lilikuja 1982. Hakuna baraza lililoulizwa. Hakuna mwenye ranchi, wala mwenye kundi, wala mzee wa Kiwata aliyeitwa aseme. Sera ya 1975 haikufutwa kwa sera nyingine iliyojadiliwa. Ilipitwa tu, kama gari linavyompita mtu barabarani na kumwachia vumbi.

Wapo watakaosema: hao walikuwa matajiri na wageni, waliotesa wanyama kwa kujifurahisha, yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Kalamu inayoweza kumfungia njia mwenye mkataba, mwanasheria na benki, itamfanya nini mwenye shamba la mihogo asiye na hata stakabadhi? Waliocheka mwaka 1977 walipowaona wawindaji wakifunga virago, wengi wao walilia baadaye walipoona misitu, viwanja vya shule na njia za ng'ombe zikigawanywa kwa barua kutoka juu.

Ruhusa na haki

Sasa tuje kwenye sheria yenyewe, nayo tutaieleza kwa maneno mepesi. Mtu anaweza kuingia katika ardhi isiyo yake kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni ruhusa. Mwenye ardhi anasema, "Pita, winda, lisha, chota maji." Ruhusa hiyo yaweza kuwa ya mdomo au ya leseni yenye muhuri, yaweza kudumu siku moja au miaka 30. Haibadiliki tabia yake. Aliyeitoa anaweza kuiondoa kwa notisi, na ulichokuwa nacho kinageuka kuwa uvamizi. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Mlango wa pili ni haki katika ardhi: umilikaji, mkataba wa ukodishaji uliosajiliwa, au haki ya jamii inayotambuliwa na sheria. Haki ya namna hiyo hufuata ardhi hata mwenye ardhi akibadilika. Haiondolewi ila kwa utaratibu, kwa sababu iliyotajwa, na kwa fidia.

Hadithi ya Galana ni hadithi ya watu waliodhani wamepita mlango wa pili kumbe walipita wa kwanza. Mwata alikuwa na haki ya karne nyingi, ikageuzwa kuwa ruhusa, kisha ruhusa ikaondolewa. Kampuni ilikuwa na mkataba wa kweli juu ya udongo, lakini juu ya mnyama ilikuwa na leseni tu, kwa maana katika Kenya mnyama wa porini si mali ya mwenye ardhi. Thamani ilikuwa kwa mnyama, na mnyama alikuwa wa mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hata udongo wenyewe ulirudi mikononi mwa Serikali, chini ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo. Mwaka 2014 ukazinduliwa hapo mradi mkubwa wa kunyunyizia mashamba, uliokusudiwa kufikia ekari milioni moja na ulioanza na shamba la majaribio la ekari 10,000. Katika mabadiliko hayo yote, wale wenye alama katika mishale walibaki vijijini mwa Kilifi, Tana River na Taita Taveta, wakitazama.

Kwa wenzetu

Msidhani kwamba dawa ni kuurudisha uwindaji tu. Majirani zetu wa Tanzania wanauruhusu. Wanakodisha vitalu hadi leo. Huko Loliondo, kitalu kilitolewa mwaka 1992 kwa kampuni ya kigeni juu ya ardhi ya malisho ya Wamaasai. Mwezi Juni 2022 kilomita za mraba 1,500 zilitengwa kwa kusimikwa mawe ya mpaka, kukawa na vurugu na majeruhi, na baadhi ya wananchi wakavuka mpaka kuingia kwetu Narok. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku, mwananchi akapoteza ardhi. Kwao uwindaji uliruhusiwa, mwananchi akapoteza ardhi. Kinachofanana ni kwamba katika nchi zote mbili mwananchi yule alihesabiwa kuwa mpita njia.

Namibia walichukua njia nyingine. Mwaka 1996 waliibadilisha sheria yao, jamii zikapewa nafasi ya kusajili hifadhi zao na kuwa na haki juu ya matumizi ya wanyama na mapato yake, ukiwemo uwindaji wa wageni. Wana shida zao, na si kila hifadhi imefaulu. Lakini mzozo ukitokea, jamii ina hati ya kuiweka mezani. Sisi tulijaribu kidogo: kuanzia miaka ya 1990 baadhi ya ranchi ziliruhusiwa kuvuna wanyama kwa kipimo, na mwaka 2003 ruhusa hiyo ikakomeshwa. Tazameni neno lenyewe: ruhusa. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa kuirekebisha sheria ya wanyama, Rais akakataa kuutia saini. Sheria ya 2013 ikathibitisha marufuku ya uwindaji wa michezo, na ikapiga marufuku pia uwindaji wa kitoweo.

Silaha tulizo nazo leo

Ndugu wananchi, leo hatuko mikono mitupu kama baba zetu wa 1977. Tulipigania Katiba mpya kwa miaka 20, wengine wakalipa kwa damu na kifungo, na tangu 2010 tunayo. Kifungu cha 63 kinasema kwamba ardhi ya jamii ni pamoja na ardhi za mababu, na ardhi zilizokaliwa tangu jadi na jamii za wawindaji na waokotaji. Someni maneno hayo mara mbili. Wawindaji wametajwa ndani ya Katiba ya Kenya, nao wametajwa kama wenye ardhi. Kifungu cha 40 kinalinda mali. Cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu wa haki na kupewa sababu kwa maandishi. Cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaeleza namna ya kujisajili.

Tena tunayo hukumu. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Serikali ya Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwafukuza katika msitu wa Mau. Serikali ilisema inahifadhi msitu. Mahakama ilijibu kwamba haikuthibitishwa kuwa Waogiek ndio waliouharibu. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama iliamuru walipwe jumla ya shilingi 157,850,000, na ardhi yao ipimwe na kupewa hati. Hata hivyo, mwezi Novemba 2023 nyumba zilibomolewa tena katika Mau. Hukumu bila wananchi wa kuisukuma ni karatasi, na karatasi huliwa na mchwa.

Tunalodai, na tunalopaswa kufanya

Kwanza, tunadai madai ya Waata juu ya Galana na kandokando ya Tsavo yapokelewe na kusikilizwa kwa mujibu wa Kifungu cha 63, kabla ekari moja zaidi ya ardhi hiyo haijakodishwa kwa yeyote.

Pili, tunadai mikataba yote ya ukodishaji wa ardhi ya umma katika eneo hilo iwekwe wazi: ni nani amekodi, kwa muda gani, kwa kodi gani, na nani hupokea kodi hiyo.

Tatu, tunadai kwamba notisi yoyote inayomfungia mtu njia, malisho, maji au riziki itanguliwe na sababu, kikao na fidia. Haijalishi kama anayefungiwa ni mfugaji, mvuvi au tajiri mwenye ranchi. Haki isiyomlinda tusiyempenda haitatulinda sisi.

Nne, tunadai mapato ya wanyama, yawe ya utalii au ya matumizi mengine yatakayoruhusiwa na sheria, yamfikie mwenye ardhi kwa mkataba anaoweza kuudai mahakamani, yasimfikie kwa hisani ya ofisa.

Nanyi mnao wajibu. Ukikodi ardhi, au ukiikodisha yako, uliza maswali haya kabla ya kutia saini. Je, huyu anayeikodisha ndiye mwenyewe? Muda ni miaka mingapi, na ukizidi miaka miwili, mkataba utasajiliwa? Ninakodi udongo tu, au na maji, majani na njia ya kuingilia? Akiniondoa kabla ya wakati, atanipa notisi ya siku ngapi na fidia gani? Akiuza au akifa, mkataba wangu utasimama? Akikwambia, "Sisi ni watu wa kuaminiana, karatasi ya nini?", mwambie kwa adabu kwamba karatasi ndiyo itakayowafanya mwendelee kuaminiana. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na ninyi wazee wa Kiwata mliotuheshimu kwa kuja, tunawaomba jambo moja. Majina ya visima, vilima na makambi ya kuwindia yaliyomo vichwani mwenu, yaandikwe mwaka huu huu, pamoja na jina la aliyekaa hapo na aliyemrithi. Mahakamani hayo ndiyo hati yenu, nayo yana miaka mingi kuliko hati yoyote iliyopigwa muhuri Nairobi. Mawakili wako tayari kukaa nanyi na kuyaandika, bila malipo. Kazi ianze kesho asubuhi.